Kabla ya kuomba jengo la maktaba, ulizeni fungu la vitabu

Wakenya tunaoishi Uingereza tuna mazoea ya kusifu maktaba za huku kwa kutaja viti, kompyuta na kona ya watoto yenye zulia. Sifa ni za haki, ila zinawapotosha walio nyumbani. Anayesikia hudhani tofauti ni utajiri, akamwomba mwakilishi wadi wake jengo. Jengo likija, hufunguliwa kwa ngoma, na baada ya miaka mitatu rafu ni zilezile, na saa kumi na moja jioni mlango umefungwa.

Kinachofungua mlango wa maktaba England kila asubuhi ni sheria ya mwaka 1964. Inalibebesha baraza, yaani serikali ya mtaa, wajibu wa kutoa huduma kamili na yenye ufanisi kwa wote wanaoishi, wanaofanya kazi au wanaosoma katika eneo lake, na inakataza kumtoza mtu pesa kwa kuazima kitabu. Baraza linaweza kupunguza saa au kuunganisha matawi, lakini haliwezi kusema maktaba si kazi yake. Mwaka 2018 baraza la Northamptonshire liliishiwa pesa likaamua kufunga maktaba 21. Wakazi walikwenda Mahakama Kuu, na mwezi wa Agosti jaji akatamka kwamba uamuzi ule haukufuata sheria. Msomaji wa kawaida ana mahali pa kushika.

Sisi tunacho nini? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti maktaba na makavazi, yaani makumbusho. Zimetajwa katika kifungu kimoja na kamari, leseni za vileo, sinema na maonyesho ya video. Leseni za vileo huingiza pesa, kwa hivyo kaunti hazikuchelewa kuzitungia sheria na kuzipangia wakaguzi. Maktaba haiingizi kitu. Na Jedwali limetoa mamlaka bila kipimo: hakuna palipoandikwa kaunti iwe na matawi mangapi, yafunguliwe saa ngapi, yanunue vitabu vingapi kwa mwaka. Ndiyo maana, miaka mingi baada ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013, bado palikuwa na mvutano kuhusu nani awalipe wafanyakazi wa matawi yaliyojengwa na KNLS, shirika la maktaba la taifa lililoundwa na Bunge mwaka 1965.

Kipimo hicho tunaweza kukidai wenyewe, lakini kwa wakati wake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa sera ya fedha, unaogawa pesa kwa idara, hufika kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti hufika kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Wengi hupeleka ombi lao Juni, wakati kila idara imeshapata sehemu yake na kilichobaki ni kuhamisha senti. Tena huomba jengo, na jengo ndilo rahisi kupata: sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na ujenzi huhesabiwa humo. Mshahara wa mkutubi na bili ya stima haviingii humo. Kwa hiyo pesa za kuta hupatikana na pesa za kuendesha huduma zikakosekana.

Na Waingereza wasituringie hapa. Birmingham ilifungua maktaba yake kubwa Septemba 2013 kwa gharama ya takriban pauni milioni 188. Mwaka 2015 saa zake zilishushwa kutoka 73 kwa wiki hadi 40. Jengo lilikuwa lilelile, mlango ndio uliokuwa umefungwa.

Sasa vitabu, maana hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Maktaba ya baraza huku hununua kwa msambazaji aliyepewa mkataba. Kitabu kinafika kikiwa na jalada la plastiki, nambari ya rafu kwenye mgongo, msimbopau, na chipu ndogo iliyobandikwa ndani, huku taarifa zake zikiwa tayari kwenye katalogi ya kompyuta. Mhudumu hufungua boksi na kupitisha kitabu kwenye mashine, na siku hiyohiyo kinaweza kuazimwa. Kwetu boksi hukaa stoo likingoja mtu wa kuorodhesha, na mtu huyo ndiye anayekaa mezani, ndiye anayefagia. Kaunti ikiweka kwenye zabuni sharti kwamba vitabu viletwe vimeshatiwa nambari na jalada, bei itapanda kidogo lakini miezi ya stoo itaisha.

Msaada wa vitabu kutoka ng'ambo nao unahitaji kusemwa waziwazi, na sisi wa diaspora ndio wakosaji wakubwa. Tunakusanya vilivyotupwa na shule za huku, tunajaza kontena, tunapiga picha. Kule vinajaza rafu: sheria za kodi za nchi nyingine, programu za kompyuta zilizokufa zamani, na hata riwaya moja ya Kiswahili humo huikuti. Mkutubi aandike orodha ya anachohitaji, kwa jina na idadi ya nakala, na kisicho kwenye orodha kikataliwe bandarini. Pesa ya nauli ya kontena hilo ingenunua vitabu vya wachapishaji wetu Nairobi, vikafika kwa matatu.

Rafu pia hupaliliwa. England kompyuta hutoa orodha ya vitabu ambavyo havijaazimwa, tuseme kwa miaka miwili. Kwanza huhamishiwa tawi jingine, maana kilicholala mtaa huu huenda kikachangamkiwa mtaa wa pili, na kikilala huko pia huuzwa kwa bei ya chai. Kwetu mkutubi huogopa, na ana sababu: kitabu ni mali ya umma sawa na toroli, na mkaguzi wa hesabu akija atauliza kiko wapi. Kwa hivyo kilichochanika hubaki, na mgeni akiingia anaona vumbi na kudhani maktaba imekufa. Njia halali ipo. Sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya 2015 ina kamati ya uondoaji mali. Mara moja kwa mwaka mkutubi apeleke orodha yenye nambari za vitabu na sababu, isainiwe, basi.

Woga huohuo ndio unaozaa dhamana ya pesa ambayo msomaji kwetu hutakiwa kuweka kabla ya kuazima. Huku mtoto husajiliwa kwa jina la mzazi na anwani tu. Vitabu vichache hupotea, na baraza hulihesabu hilo kama gharama ya kawaida, sawa na balbu zinazoungua. Kitabu kilichofungiwa kabatini hakipotei, lakini shilingi iliyokinunua ndiyo iliyopotea.

Katika mambo ya kutangaza maktaba, ningeiga moja bila kubadilisha sana: mashindano ya kusoma ya likizo ya kiangazi, yaliyoanza 1999. Kabla shule hazijafungwa, wahudumu wa maktaba huenda kwenye paredi za shule kuwaeleza watoto. Mtoto hupewa kadi, na lengo kwa kawaida ni vitabu sita. Kila anaporudi hueleza maneno mawili matatu kuhusu alichosoma, kisha hupewa kibandiko cha kubandika kwenye kadi. Akimaliza hupata medali na cheti, ambavyo mara nyingi hutolewa shuleni mbele ya wenzake. Siri ni hiyo paredi ya mwisho, kwa sababu asiyeshiriki mwaka huu ataona medali na atakuja mwaka ujao. Likizo yetu ndefu ya mwisho wa mwaka inafaa kabisa. Yatakayoharibu ni nakala chache (watoto 60 wanatafuta hadithi ileile), na dhamana niliyoitaja.

Makavazi hata England si wajibu wa kisheria wa baraza, na ndiyo hukatwa kwanza pesa zikipungua. Lakini makavazi mengi ya mabaraza huazimisha shule masanduku ya vitu, na hili halihitaji jengo. Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, iko chini ya Makavazi ya Kitaifa, kwa hivyo kaunti ya Mombasa haipangi ya humo ndani. Sanduku inaweza kulipanga: mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, pishi, chetezo, kinu kidogo na mchi wake. Kila kitu kiwe na kadi ya jina, kazi yake, kimetengenezwa kwa kitu gani, na swali moja la darasa. Vya udongo viwe nakala, maana vitavunjika. Na sanduku lihesabiwe mwalimu akiwa bado amesimama pale.

Tusiseme haya ni ya wazungu. Ngamia wa KNLS walianza kupeleka vitabu kwa wafugaji wa Kaskazini Mashariki mwaka 1996, masanduku mgongoni na hema ya kusomea. Nairobi nako, maktaba za Kaloleni na Makadara zimekarabatiwa na Book Bunk, shirika lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, kwa makubaliano na kaunti, na McMillan ya mwaka 1931 iko kwenye mpango huohuo. Ushirikiano wa namna hii naunga mkono, mradi mkataba utaje nani atalipa mishahara na kununua vitabu mfadhili akiondoka.

Kitabu cha bajeti ya kaunti yako ukikipata, tafuta idara yenye utamaduni, ambayo huenda imeunganishwa na michezo, vijana au utalii. Shuka hadi matumizi ya kawaida, uangalie kama maktaba zina mstari wao na kama ndani yake kuna pesa ya kununua vitabu, mbali na mishahara. Usipouona, andika barua kabla ya Februari. Taja idadi ya shule za wadi yako, saa ambazo maktaba hufungwa, na wanafunzi wanaojazana humo na madaftari yao msimu wa mitihani. Nakala moja mpe mwakilishi wadi, nyingine karani wa bunge la kaunti, na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa.