Mshahara wa Mtu wa Katikati

Oda "imekamilika" lini? Muulize mtu wa stoo, atakwambia ni pale mzigo unapotoka getini. Kwa mhasibu ni pale hela zinapoingia. Mtu wa mauzo yeye aliimaliza siku mteja alipotia sahihi, na kamisheni yake ameshaipigia hesabu. Wote wanatumia mfumo mmoja, na wote wanalalamika kwamba ripoti inadanganya.

Kuwakalisha hao watatu wakubaliane neno moja ndiyo kazi kubwa ya mtaalamu wa informatiki ya biashara, yaani mtu anayesimama katikati ya ofisi na mifumo yake ya kompyuta. Kinachobaki ni kuchora mtiririko wa kazi, kuandika maswali ya SQL (lugha ya kuchota taarifa kwenye hifadhidata), kujaribu mfumo kabla haujaanza kutumika, na vikao. Vikao vingi mno.

Ndiyo maana wapo wanaoona analipwa bure. Uhasibu haujui kama mhasibu, programu haandiki kama mwandishi wa programu, na siku hizi akili bandia inatunga SQL kwa sekunde chache. Hoja hiyo si ya kubezwa: anayebaki kupeleka ujumbe kati ya ofisi mbili mshahara wake hudumaa mapema, na mwandishi wa programu aliyebobea humpita.

Lakini wanaosema hivyo wanahesabu mistari ya programu, si gharama ya kosa. Fikiria kampuni inahamia mfumo mpya, na bidhaa moja imesajiliwa kwa namba mbili. Mfumo hautatoa onyo lolote. Utaonyesha tu kwamba mzigo umeisha huku stoo imejaa, na manunuzi wataagiza mwingine. Akili bandia haijui kwamba namba hizo mbili ni kitu kimoja. Anayejua ni mzee wa stoo, na lazima awepo mtu wa kwenda kumuuliza.

Kwa maoni yangu, cheti huamua mshahara wa kuanzia tu. Baada ya hapo ni suala la umekaa wapi na umeshika nini. Chukua SAP, kampuni ya programu za kuendeshea biashara iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1972 na watu watano waliotoka IBM. Matengenezo ya kawaida ya mfumo wake wa zamani, ECC, yamepangiwa kukoma mwisho wa 2027, kwa hiyo anayejua kuwahamisha wateja kwenda mfumo mpya, S/4HANA, ana nguvu ya kujadili malipo. Ila ujuzi wa bidhaa moja ni mkataba na bahati ya bidhaa hiyo.

Kampuni za ushauri kwa kawaida hulipa zaidi ya ajira ya ndani ya kampuni inayotumia mfumo, na hapo vijana wengi huteleza. Wanalinganisha mishahara ya mwezi bila kuigawanya kwa saa: safari za Jumapili jioni, na zile wikendi za kuhamisha data wakati wenye ofisi wamelala. Ukishaigawanya, ofa nono mara nyingine huwa ndogo kuliko ile uliyoikataa.