Nyimbo Zilizoachwa Nje ya Albamu: Nani Aamue Zisikike?

Mpwa wangu, aliye kidato cha nne hapa Lamu, alinisikilizisha barazani wimbo wa rap ambao haumo katika albamu yoyote. Aliupata kwenye flashi iliyopita mikono mingi tangu itoke studio moja ndogo ya Malindi. Ubeti wa kwanza umekamilika, na ni mzuri kwelikweli. Katika wa pili mwimbaji anamumunya tu, akishika nafasi ya maneno ambayo hajayatunga bado, na kabla ya kiitikio kiti kinasikika kikilia. Kwa mpwa wangu hiyo ni hazina. Mimi niliufurahia, kisha nikajiuliza kama mwenyewe angeridhika tumsikie hivyo.

Wanaozisaka nyimbo za namna hii wana hoja nzito. Wimbo hauachwi nje kwa ubovu pekee: pengine CD, ambayo hubeba takriban dakika 80, imejaa, pengine biti, yaani mdundo wake, imejengwa juu ya kipande cha wimbo wa zamani na mwenye wimbo huo hajatoa idhini. Nas, rapa wa Marekani, alikusudia albamu yake ya 1999, I Am..., iwe ya diski mbili, lakini nyimbo zikavuja katika intaneti kabla ya wakati, akarekodi nyingine, na hatimaye ikatoka diski moja. Baadhi ya zilizoachwa zilikusanywa mwaka 2002 katika The Lost Tapes, na wapo mashabiki wanaozihesabu miongoni mwa kazi zake bora. Machi 2016 rapa mwenzake Kendrick Lamar naye alitoa nyimbo 8 za aina hiyo bila kuzipa majina, kila moja ikitambulishwa kwa nambari na tarehe tu, ili msikilizaji ajue anapokea kazi ambayo haijapigwa msasa. Hata hivyo, katika mifano yote miwili nyimbo zilitolewa rasmi, si kwa mkono wa msakaji.

Sisi watu wa pwani tuna hoja yetu ya ziada, nayo naithamini sana. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa hakutuachia diwani aliyoichapisha mwenyewe. Tungo zake tunazo kwa sababu baada ya kifo chake Mwalimu Sikujua na William Taylor walizikusanya na kuziandika, hadi zikachapishwa kitabuni mwaka 1940. Bila wasakaji, zingezikwa pamoja na waliozihifadhi kwa moyo. Lakini mashairi ya Muyaka yalikuwa yamekwisha kusemwa mbele za watu, yakajibiwa na kushindaniwa. Rasimu iliyofichwa ndani ya kompyuta ya prodyuza haijawahi kusemwa kwa yeyote, na hapo ulinganisho unakatika.

Upande wa pili una madhara yanayoonekana. Wapo mashabiki wanaochanga fedha mtandaoni kununua faili zilizoibwa, na kila ununuzi humtia mwizi hamu ya kuiba tena. Mwaka 2019 wimbo wa rapa Playboi Carti uliovuja ulipakiwa Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, na mtu mwingine kwa jina lisilo lake, ukapanda hadi kileleni mwa orodha ya nyimbo zinazosambaa kwa kasi Marekani kabla ya kuondolewa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda rekodi kwa miaka 50, ikiwamo ile ambayo haijatolewa, na inamhesabu mwenye rekodi kuwa yule aliyefanya mipango ya kurekodiwa kwake. Kwa msanii wa Malindi aliyerekodi kwa mkopo bila mkataba, swali la nani mwenye faili ni zito mno kuachiwa shabiki alijibu kwa kubonyeza kitufe.

Kwangu mimi, kutafuta na kuhifadhi ni wema. Kusambaza ni jambo jingine, madhali msanii yu hai na anaweza kuulizwa. Kwa marehemu ningekubali zaidi, ila kwa sharti kwamba rekodi itolewe ilivyo, pamoja na tarehe yake. Rapa 2Pac aliuawa 1996, na katika albamu iliyotoka kwa jina lake mwaka 2004 sauti yake iliwekwa juu ya biti mpya ambazo hakuwahi kuzisikia. Mtu hawezi kukubali wala kukataa kitu cha namna hiyo.

Mpwa wangu amemwandikia ujumbe yule msanii wa Malindi, akimweleza kwamba ubeti wake wa kwanza ameuhifadhi kichwani. Bado tunasubiri jibu, na flashi iko kwangu, sandukuni.