Kocha wa Tenisi Naye ni Mwalimu, Mpeni Mkataba

Mzazi wa Dar es Salaam akimpeleka mtoto kujifunza tenisi, swali la kwanza kwa kocha huwa ni lile lile: "Wewe ulicheza wapi?" Nimelisikia Masaki, nimelisikia Upanga, na kila nikilisikia naudhika. Kocha hutabasamu, hutaja mashindano mawili matatu ya zamani, na mzazi huridhika au asiridhike. Alijifunzaje kufundisha, hakuna anayeuliza. Analipwaje siku mvua ikinyesha, hilo ndilo halimpiti mtu kichwani kabisa, na kwangu ndilo swali zito kuliko yote.

Makocha wengi ninaowafahamu hapa mjini hawakuingia klabuni kama wanachama. Waliingia wakiwa watoto wa mitaa ya jirani au watoto wa wafanyakazi, wakiokota mipira jioni wapate nauli na hela ya daftari. Mwanachama akikosa mtu wa kucheza naye, humwita kijana aliye karibu: "Dogo, njoo unirudishie mipira." Raketi ya kwanza ni ile ambayo mwenyewe ameichoka. Miaka inapita, kijana anakuwa mchezaji mwenza wa kulipwa kwa saa, kisha msaidizi wa kocha mzee, hadi siku watoto wanaanza kumwita "kocha" naye anaitika.

Wapo wanaoidharau njia hiyo, kana kwamba ni ya watu waliokosa shule. Basi wamtazame Dan Maskell, aliyezaliwa Fulham, London, mwaka 1908. Alianza kwa kuokota mipira Queen's Club, klabu ya tenisi ya huko London, akapanda hadi kuwa mwalimu hapo hapo, na mwaka 1929 klabu ya Wimbledon yenyewe ikamwajiri kuwa kocha wake wa kudumu. Timu ya Uingereza iliyotwaa Kombe la Davis, la timu za mataifa, mwaka 1933, akiwamo Fred Perry, ilinolewa na yeye. Perry akashinda Wimbledon mwaka 1934, 1935 na 1936. Maskell hakuruhusiwa hata kuingia kwenye mashindano hayo, kwa sababu alikula kwa jasho la kufundisha. Kabla ya mwaka 1968 sheria ndivyo ilivyokuwa: ukipokea fedha za tenisi, hata kama ni za kumfundisha mtoto kushika raketi, wewe si mwenzao wachezaji wa ridhaa tena, na wao tu ndio walioruhusiwa kuingia.

Sheria ilikufa, lakini dharau iliyoizaa naiona bado hai. Kocha anafundisha kizazi kizima cha klabu, na sherehe ya mwisho wa mwaka ikifika hana kiti.

Nirudi kwenye lile swali la wazazi. Kucheza ni kipaji kimoja na kufundisha ni kingine. Nick Bollettieri hakuwahi kuwa mchezaji wa kutajika. Aliacha masomo ya sheria Miami akaingia kufundisha, akafungua chuo chake cha tenisi Florida mwaka 1978, na kupitia mikono yake wakapita mabingwa Andre Agassi, Jim Courier na Monica Seles. Richard Williams aliwaanzisha Venus na Serena kwenye viwanja vya umma vya Compton, Marekani, baada ya kujisomea mchezo mwenyewe.

Jicho la kufundisha linatoka wapi, basi? Nadhani kwa wetu linatoka kulekule kwenye kuokota mipira. Mtoto aliyechuchumaa pembeni ya wavu miaka nenda rudi ameona maelfu ya makosa kabla hajapiga mpira wake wa kwanza. Yuko kocha mmoja mtu mzima, ambaye hata sisi wenye mvi tunamwita Mzee, nimemtazama sana akifundisha. Binti wa miaka minane anapiga bekhendi, yaani kwa mgongo wa mkono, mpira unakwenda nje, tena nje, tena nje. Baba yake anapaza sauti kutoka kwenye benchi: "Nyoosha mkono!" Mzee hagusi mkono wa mtoto. Anachukua mipira miwili, anaiweka chini, mmoja mbele ya mguu wa kulia na mwingine nyuma kidogo ya wa kushoto, anasema, "Mama, kanyaga katikati hapa, geuza bega, subiri… subiri… sasa." Mpira unavuka wavu na kuangukia ndani. Tatizo lilikuwa miguu. Mzee aliliona tangu mpigo wa kwanza.

Hata hivyo, jicho peke yake halitoshi, na hapa lazima niseme bila kuzunguka. Shirikisho la kimataifa, ITF, lina kozi za makocha kwa ngazi: ya kwanza kwa wanaofundisha wanaoanza na wa kiwango cha kati, ya pili kwa walioendelea, ya tatu kwa wanaolea wachezaji wa kiwango cha juu. Tangu mwaka 2012 mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini hayachezwi kwa mpira wa njano wa kawaida. Kuna mwekundu, ambao mwendo wake umepunguzwa kwa takriban asilimia 75, wa rangi ya chungwa asilimia 50, na wa kijani asilimia 25, na kwa ile miwili ya mwanzo hata uwanja unapunguzwa. Kocha asiyepitia mafunzo atampa mtoto wa miaka sita mpira wa njano kwenye sakafu ya saruji, utadunda umpite kichwani, na wiki ya tatu mtoto atasema tenisi haitaki. Huyo tumempoteza, na si kosa la kocha ambaye hakuna aliyemlipia kozi. Tena aliyeasisi PTR mwaka 1976, chama cha kuwapa walimu wa tenisi mafunzo na vyeti, ni Dennis Van der Meer, mzaliwa wa Namibia. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba haya ni mambo ya Ulaya.

Sasa kipato. Kocha wa kawaida hapa mjini analipwa kwa kipindi. Alfajiri yuko na watu wa ofisini kabla hawajaenda kazini, mchana jua linamfukuza, alasiri anapanda bodaboda na begi la raketi kwenda kufundisha watoto kwenye nyumba yenye uwanja Oysterbay, jioni anarudi klabuni. Masika ikiingia, Machi hadi Mei, viwanja vinalowa na mapato yanalowa navyo. Mwanafunzi akiugua, hakuna malipo. Familia ikihama nchi, watoto watatu wanaondoka kwa mpigo. Na bega! Bega la mtu anayepiga sevu, ule mpigo wa kuanzisha mchezo, kutwa nzima halisubiri miaka sitini.

Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa mwajiriwa ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hutoa angalau nusu yake. Mhudumu wa baa wa klabu anaweza kuwa nao. Kocha, kwa kuwa anaitwa "wa kujitegemea", mara nyingi hana, ingawa anafuata ratiba ya klabu, anavaa fulana ya klabu na anakatwa sehemu ya malipo yake kwa ajili ya uwanja wa klabu. Kujitegemea gani huko?

Ninachotaka kamati za klabu zifanye hakihitaji mfadhili. Kocha mkuu apewe mkataba wenye mshahara wa msingi, hata mdogo, na malipo ya vipindi yawe juu yake. Wasaidizi waingizwe NSSF. Sehemu ya ada za wanachama itengwe kumpeleka angalau kocha mmoja kozini kila nafasi inapotangazwa, na safari hii waanze na wanawake. Wasichana wanaookota mipira wapo, nimewaona, lakini wakifika umri wa kufundisha huwaoni tena, na wazazi wengi wangefurahi binti zao wafundishwe na mwanamke. Chama cha Tenisi Tanzania nacho kiwe na orodha ya wazi ya makocha wenye vyeti na ngazi zao, mzazi aangalie huko badala ya kuuliza nani alicheza wapi.

Wazazi nasi tuna letu. Ukiahirisha kipindi saa moja kabla, mlipe. Alikuwa ameshapanda bodaboda.