Ulikuwa Unaangalia Wapi?

Kwenye ubao wa wodi yetu kuna tangazo jipya lenye muhuri: watumishi wote tunakumbushwa kuwa waangalifu na vitu vyenye ncha kali. Tunashukuru kwa kweli. Miaka yote hii tulidhani tumeajiriwa kuzembea.

Hatua mbili kutoka kwenye hilo tangazo kuna boksi la kutupia sindano. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba linafungwa likifika robo tatu. Lile limejaa hadi mdomoni, sindano zimechomoza kama miiba ya nungunungu, na ukitaka kuingiza yako inabidi uzisukume za wenzako.

Lakini tangazo peke yake lisingenifanya niandike. Kilichoniudhi ni Ijumaa, mama mmoja wa usafi aliponivuta pembeni karibu na sinki na kunionyesha kidole cha shahada. "Sista, hivi mtu akichomwa na sindano ya kwenye taka kuna shida?"

Nikamuuliza lini. Jumatatu asubuhi, akiwa anafunga mfuko mweusi. Mfuko mweusi! Ule wa maganda ya ndizi na makaratasi. Kuna mwenzetu, mwenye cheti na sare iliyopigwa pasi, aliitupa mle.

Wenzangu wa kazi mshapiga hesabu. PEP, dawa za kumkinga aliyechomwa asipate VVU, inaanzwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Jumatatu mpaka Ijumaa zimepita. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ileile, akaangalia chini. "Msimamizi angeniuliza nilikuwa naangalia wapi." Yeye ni wa kampuni ya mzabuni, mkataba wenyewe wa kuhesabu miezi, na nyumbani kuna wanaomsubiri.

Hilo swali nalijua. Niliulizwa mimi pia, miaka hiyo nikiwa mgeni kazini. Saa nane usiku, mtoto ana degedege, mama yake kamshika mguu, mimi natafuta mshipa kwa mwanga wa simu. Mtoto akaruka, kanyula ikatoka, chuma kikaingia kwenye dole gumba langu. Sista mmoja mkubwa akanipigia kelele niminye damu itoke (msiminye jamani, osheni kwa maji yanayotiririka na sabuni, na jiki iacheni kwenye mashuka). Nilipokwenda kutoa taarifa, kabla sijaulizwa jina niliulizwa: "Ulikuwa unaangalia wapi?"

Nilikuwa namwangalia mtoto.

Dawa zilikuwa kabatini CTC, kliniki ya VVU, na ufunguo ulikuwa nyumbani kwa mtu. Nilisubiri mpaka saa mbili asubuhi. Nikazimeza siku 28, na kichefuchefu cha dawa za enzi zile mnakijua. Kumeza ni rahisi kuliko kumweleza mume wa ndoa kwa nini kuanzia leo ni kondomu, na usoni mwake unaona kabisa anatafuta sindano hiyo ina jina gani.

Ndiyo maana nasema hilo swali ndilo linalotudhuru kuliko sindano yenyewe. Kwa aliyechomwa na damu yenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 kati ya 1,000, na PEP ikiwahi unapungua sana. Lakini PEP haimwahi mtu aliyejificha. Ukimgeuza aliyechomwa kuwa mtuhumiwa atanyamaza, atafunga plasta, atarudi kubeba mifuko. Halafu mwisho wa robo mwaka daftari la ajali liko jeupe, tunapigiana makofi kwenye kikao kwamba wodi yetu haina matukio.

Haya, nakubali, na sisi tuna ya kwetu. Tunarudishia vifuniko kwa mikono miwili. Kuna wanaochomeka sindano kwenye godoro "dakika moja tu", wanaitwa kitanda cha sita, wanasahau, na anayekuja kutandika ndiye anayeikuta. Nimewahi kufanya hivyo. Lakini aliyekuwa peke yake na wagonjwa 40 usiku kucha hatapona kwa tangazo. Boksi liwe mkononi pake, juu ya troli, sio ukutani mlangoni.

Na homa ya ini B! Asiye na kinga akichomwa na damu yenye kirusi hicho, uwezekano unaweza kufika 30 kati ya 100, na hiyo ndiyo yenye chanjo. Dozi tatu. Muulizeni mtu wa usafi wa wodini kwenu kama amewahi kupata hata moja.

Sindano zinazojifunga zisitumike tena ni nzuri, zinamlinda mgonjwa anayefuata. Ncha bado iko wazi kwa sisi. Zile za kujirudisha ndani, WHO walishazihimiza tangu 2015. Tunazisubiri.

Yule mama nilimpeleka mwenyewe akapimwe. Chanjo ya ini aliiwahi, kipimo cha VVU atarudia baada ya wiki sita. Kwenye fomu kuna sehemu ya "maelezo ya uzembe, kama upo". Akaniuliza aandike nini pale. Nikamwambia apige mstari.

Jana nimepita wodini. Boksi ni lilelile. Wameliziba mdomo kwa plasta, na juu yake mtu kaweka jipya, bado halijakunjwa.