Nani kasema watu wa Tanga hawaendi Amboni?

Sikukuu zikikaribia, lawama ni ile ile redioni: wenyeji hawavithamini vivutio vyao. Mzungu anapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuyaona mapango ya Amboni, na mtu wa Ngamiani, hapa hapa mjini Tanga, mwenye baiskeli yake, anayekaa kilomita nane tu kutoka pale, hajawahi kutia mguu. Ikishasemwa hivyo hufuata wito wa kujenga utamaduni wa kutalii, na mtangazaji anaweka muziki.

Nimekua na lawama hiyo na kwa miaka mingi niliiamini. Nilianza kuitilia shaka mle mle pangoni. Tulikuwa watu wanne na mwongozaji, tochi yake ikipiga ukutani kutuonyesha mwamba unaofanana na mamba, kisha mwingine unaofanana na sofa. Tukainama kupita penye uwazi mwembamba, tukatokea kwenye chumba chenye harufu ya ubani. Chini palikuwa na chupa ya marashi ya waridi iliyobaki nusu, sarafu kadhaa, kitambaa chekundu kilichokunjwa vizuri, na mshumaa ambao nta yake ilikuwa bado laini. Nikauliza ni vya nani.

"Walikuja watu asubuhi, kutoka Muheza," akasema mwongozaji.

Nilikuwa nimesaini kitabu cha wageni dakika ishirini nyuma, na sikukumbuka kuona Muheza juu ya jina langu. Nikamwambia hivyo. Akacheka. "Wale si watalii, kaka. Wale wana shughuli yao."

Akaendelea na mwamba mwingine, lakini mimi nilibaki na maneno hayo. Watu wametoka Muheza, wamelipa nauli, wamepanda bodaboda kutoka barabara ya Horohoro hadi Kiomoni, kijiji chenye mapango, wameingia gizani na kukaa humo kwa muda mrefu kuliko sisi, kisha kwa hesabu ya mjini ni sawa na watu ambao hawakuja. Na ni idadi hiyo hiyo ya watalii wa ndani tunayosomewa redioni kila mwaka ili tuone haya.

Wanaolalamika nao wana hoja, na si ndogo. Mapango ni eneo la mawe ya chokaa, na mawe ya chokaa yana soko. Ukisimama kimya hapo jirani siku ya kazi utasikia mashine za machimbo. Mahali pasipo mlinzi wala mapato hapadumu mbele ya kitu chenye bei. Ukitaka ushahidi, shika barabara ya Pangani kilomita zipatazo 20 uende Tongoni. Jina lenyewe linakuambia unakwenda wapi, maana tongo ni mahali palipohamwa. Kuna msikiti wa karne ya 14 au ya 15 na makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa yale ya pwani yetu yaliyosimamishiwa nguzo ya mawe. Nguzo nyingi zimelala chini. Zilizobaki zikague vizuri utaona vishimo vya duara vilivyochongwa kwenye mawe, ambamo zamani yalipachikwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Mabakuli hayapo, na yaliyoyang'oa ni mikono ya watu, si mvua. Wenyeji waliheshimu makaburi, sawa, lakini heshima haikuwa na kufuli.

Liko pia suala la usalama. Februari 2015 kulikuwa na mapambano kati ya vyombo vya ulinzi na watu wenye silaha katika mapango ya upande wa Majimoto, huko huko Amboni, na askari mmoja wa jeshi alipoteza maisha. Hata kabla yake, miaka ya 1950, mapango yalikuwa maficho ya Osale Otango na Paulo Hamisi, ambao mpaka leo wengine huwaita majambazi na wengine wapigania haki, inategemea babu yako alikuwa upande gani. Kwa hiyo anayetaka lango, daftari na mtu wa kukuongoza simwoni mkorofi. Mapango yako kumi, wageni wanaingizwa katika moja tu, na nadhani hilo ni jambo la busara.

Mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi unaanza pale daftari la langoni linapogeuzwa kipimo cha mapenzi ya watu kwa mahali pao.

Zitazame safari ambazo watu wa Tanga huzifanya bila kuziita utalii. Karibu na mapango kuna chemchemi za maji moto ya salfa, zenye jina la Galanos, Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Mtu mwenye upele au maumivu ya viungo hupelekwa na ndugu zake akaoge pale, na wakati anakauka utasikia mazungumzo ya nani alikuwa kibarua wa shamba gani na ukoo upi ulihamia lini. Nenda Raskazone Jumapili jioni, ufukwe umejaa watoto. Siku za bamvua maji yakitoka, wanawake wanatembea mbali sana juu ya miamba wakitafuta pweza, na wanaijua ile miamba kwa majina. Wavuvi wanaopita kando ya kisiwa cha Toten bandarini wanakueleza ukuta wa msikiti wa kale uko upande gani bila kusoma bango. Ukimwambia mmoja wa hawa kwamba hana utamaduni wa kutembelea mazingira ya kwao, atakutazama mara mbili.

Bibi yangu hakuwahi kutamka neno kivutio. Amboni alikuita Mzimuni, na hakwenda ila kwa sababu: mtoto hapatikani, ndoa inayumba, ndoto inajirudia. Kabla ya safari kulikuwa na siku mbili za maandalizi, na huko njiani mambo kadhaa hayakuruhusiwa kusemwa. Mimi nimeingia Amboni mara nne nikiwa mtu mzima, na mara zote nilitumia chini ya saa mbili, pamoja na muda wa kupiga picha. Kati yetu wawili sijui kwa haki gani niitwe mimi mtembeleaji.

Wapo watakaosema hapa nachanganya ibada na historia. Huenda. Lakini tazama historia tunayopewa sisi wenye tiketi. Mwamba mmoja unaitwa Sanamu ya Uhuru, ile ya New York. Mwongozaji anakuonyesha mwenge wake, na kweli ukikaza macho unauona. Huo ni mwamba wa Kiomoni uliokuwepo mamilioni ya miaka kabla ya New York, na umepewa jina la kitu ambacho mgeni anakijua. Simlaumu mwongozaji, kazi yake ni kumfurahisha aliye mbele yake. Ila nilipomuuliza wale wa asubuhi wanaviitaje vyumba hivi, alisema wana majina yao, yeye hakuwahi kuyashika yote. Kwa hiyo yapo. Yamo vichwani mwa wazee wachache wanaosindikiza watu wa tambiko, na hayamo kwenye karatasi yoyote niliyopata kuiona pale langoni.

Kisha kuna ile hadithi ya mbwa, na hii naomba nikae nayo kidogo. Kila aliyeingia Amboni ameambiwa: Wazungu wawili waliingia na mbwa wao, wakapotea, mbwa akaja kuonekana huko Kilimanjaro, kilomita mia kadhaa kutoka hapo. Mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki walipima, wakakuta pango refu kuliko yote lina mita 900. Mita 900! Ni sawa na kutoka stendi ya zamani mpaka kumaliza barabara chache za Ngamiani. Wanaojiona wasomi huitumia namba hiyo kama rungu: angalieni wenyeji wanavyodanganya watu, ndiyo maana elimu ya utalii inahitajika.

Mimi namba hiyo naikubali, sina utepe mrefu kuliko wao. Ninachojiuliza ni kitu kingine. Hadithi ya mbwa ni ya nani? Wahusika wake ni Wazungu wenye mbwa, waliokwenda kustarehe. Enzi hizo kampuni ya mkonge iliyokuwa na ardhi hiyo tangu 1922 iliyatumia mapango kama mahali pa mapumziko. Serikali ya kikoloni ikaja kuyaweka chini ya hifadhi 1937, na idara ya mambo ya kale ikayapokea 1963. Bibi yangu hakuwahi kunisimulia mbwa. Yeye alichonisimulia ni kwamba ukiingia bila kupiga hodi unaweza kutoka ukiwa si wewe. Hadithi ya mbwa inanukia langoni, ni hadithi ya mgeni kwa mgeni. Basi tunachukua porojo ya watalii, tunaipima kwa mita, tunaikuta pungufu, halafu hukumu tunawasomea watu wa tambiko.

Kosa la hesabu lingekuwa dogo kama lingeishia redioni. Haliishii huko. Mpango wa eneo lolote hutengenezwa kwa kumfikiria mtu aliyehesabiwa. Aliyehesabiwa anataka choo, kibanda cha soda, njia isiyoteleza, taa. Vyote vizuri, navitumia. Lakini asiyehesabiwa anataka nini? Anataka nusu saa ya faragha, mahali pa kuwasha mshumaa pasipochafua ukuta, na mtu asiyempiga picha. Hakuna anayemuuliza, kwa kuwa kwenye karatasi hayupo. Katika eneo moja la kale la pwani, ambalo sitalitaja, niliwahi kukuta vitambaa na vyetezo vinafagiliwa na kurundikwa kwenye ndoo saa chache kabla ya msafara wa wakubwa. Mfagiaji alisema ametumwa aondoe takataka. Hakufanya kwa ubaya, alikuwa anatayarisha mahali pa wageni.

Mzee aliyezoea kusindikiza watu pale akikuta mara mbili, mara tatu, vitu vyake viko kwenye ndoo, anaacha kuja. Anakwenda kufanyia shughuli yake chini ya mbuyu mwingine. Na siku anapoacha, ndiyo kweli wenyeji wameacha kwenda, redio itakuwa imesema kweli hatimaye.

Kuna mahali jambo hili linaendeshwa kwa namna nyingine. Kaole, kule Bagamoyo, ndani ya magofu yale yale yanayolipiwa kiingilio, kuna kaburi la Sharifa ambalo watu huja kuliombea dua. Mgeni anaelezwa, anapita taratibu, mwenye dua anaendelea na dua yake. Haijabomoa ukuta. Ugumu upo: masizi ya mishumaa ni adui wa jiwe la chokaa, na watu wote wakipewa ruhusa ya kufanya wapendavyo patachafuka. Lakini masizi yana dawa, ni sinia la bati na mahali palipopangwa. Kwa mtu aliyeondoka na majina ya vyumba sijasikia dawa.

Siku hizi mapango yako chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, chombo chenye uzoefu wa miaka mingi wa kukaa na watu ndani ya hifadhi, uzoefu mtamu na mchungu. Sitarajii waigeuze Amboni kuwa jumba la waganga, wala sitaki. Ningependa kuona kitu kidogo tu. Kwenye kitabu cha wageni, baada ya jina na utokako, mtu aliyekuja kwa shughuli yake apate naye pa kuandika, kwa hiari yake, hata kama ni alama tu. Na mwongozaji mmoja kijana alipwe posho ya kukaa na wale wazee wiki kadhaa, ajifunze kile chumba chenye harufu ya ubani kiliitwaje kabla hatujaleta sofa na Sanamu ya Uhuru.

Tulipotoka siku ile, jua lilikuwa linashuka na popo walikuwa wameanza kutoka. Nje, kwenye kivuli, alikaa mama mmoja mwenye kanga mbili na kikapu kilichofunikwa, kando yake binti wa miaka ishirini hivi anayetazama chini. Nikawaamkia. Mama akaitikia, akaniuliza kama ndani bado kuna watu. Nikamwambia sisi ndio wa mwisho. "Alhamdulillahi," akasema, akamgusa binti mkono, wakainuka.