Kamba Haisukumi

Mwezi uliopita kijana wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa mitambo alinijia karakana na mchoro. Ulikuwa mchoro mzuri: mistari safi, vipimo vimekaa mahali pake, hata pini zimepewa namba. Kwenye mashine ya kuvutia mafuta kisimani alikuwa amekiondoa kile kichwa cha farasi cha mbele na mahali pake ameweka viungo saba vya chuma vinavyoshikana. "Shikamoo fundi," akaniambia, "hiki kichwa ni mzigo wa chuma cha bure. Hivi viungo vinachora mstari ulionyooka kabisa, na hisabati yake ninayo."

Hisabati yake ilikuwa sahihi, nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba mimi nisingekifunga kifaa hicho kwenye kisima chochote cha mafuta. Mteja akaingia, mazungumzo yakakatika. Jibu langu namalizia hapa.

Kwa asiyeifahamu, mashine yenyewe ni ile inayoonyeshwa kila taarifa ya habari ikigusa bei ya mafuta: boriti nene imekaa juu ya nguzo, inainama na kuinuka mchana kutwa. Nyuma kuna mota, giaboksi na krenki. Mbele kuna chuma kikubwa kilichopinda, chenye sura ya kichwa cha farasi. Kutoka juu ya kichwa hicho zinateremka waya mbili nene, ambazo wenyewe huziita hatamu, zimebeba kipande cha chuma kilicholala, na hapo ndipo rodi inaponing'inia. Rodi ya juu kabisa imesuguliwa hadi inang'aa, kwa sababu inapita katikati ya pakingi zinazozuia mafuta yasimwagike mdomoni mwa kisima. Chini yake zimeungwa rodi nyingine, kila moja kwa kawaida ina urefu wa mita 7.62, zinafuatana mamia ya mita, pengine zaidi ya elfu, mpaka kwenye pistoni ya pampu iliyo chini kisimani.

Boriti inazunguka kwenye egemeo lake, kwa hiyo ncha yake haiwezi kwenda wima. Inakata tao. Chukua boriti yenye mita 3 kutoka kwenye egemeo hadi nchani, inayoinua rodi mita 2. Ukiifunga rodi moja kwa moja kwenye ncha hiyo, ncha itasogea pembeni kama sentimita 17 kati ya usawa na mwisho wa mwendo. Sentimita 17, kwa rodi inayopita kwenye tundu lililobanwa na pakingi pande zote! Na mashine inayokwenda mara 8 kwa dakika inafanya hivyo mara 11,520 kwa siku, zaidi ya mara milioni 4 kwa mwaka. Hapo hutakuwa na pampu, utakuwa na msumeno.

Kile kichwa kimechongwa kwa tao ambalo nusu kipenyo chake kinapimwa kutoka kwenye lile lile egemeo la boriti. Boriti ikipanda, waya inajiviringisha juu ya tao. Ikishuka, inajikunjua. Lakini mahali waya inapoachana na kichwa hapahami: ni pale pale, usawa wa egemeo, na kutoka hapo inashuka wima.

Ninachokipenda ni kwamba kichwa hakiilazimishi rodi kunyooka. Kinajitoa njiani tu, na kazi ya kunyoosha inafanywa na uzito. Marehemu baba yangu alikuwa mwashi Tanga. Hakuwahi kuniambia neno tanjenti, yaani mstari unaoligusa tao mahali pamoja tu kama ile waya, ila kila ukuta aliousimamisha ulianza na timazi: uzi na kipande cha chuma. Rodi ya kisima ni timazi. Rodi ya inchi robo tatu ina uzito wa kama kilo 2.4 kwa kila mita, kwa hiyo mita 1,000 ni tani 2.4 kabla mafuta hayajaipunguzia. Sijui kiungo cha chuma kitakachoinyoosha rodi kuliko tani mbili zinazoivuta kuelekea chini.

Ubunifu huu ni wa zamani kuliko biashara ya mafuta. Mwaka 1712, karibu na Dudley huko Uingereza, Thomas Newcomen alisimamisha mashine ya mvuke ya kutoa maji migodini. Boriti yake ilikuwa na vichwa vya tao huku na huku, na minyororo imelala juu yake. Ilitosha, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zinavuta: upande mmoja pistoni ikivuta kwenda chini, upande wa pili rodi za pampu zikirudi kwa uzito wake. James Watt, mhandisi wa Scotland aliyeiboresha mashine ya mvuke, ndiye aliyekuja kukwama. Alitaka pistoni ifanye kazi ikipanda na ikishuka, na kamba haisukumi, mnyororo hausukumi. Ndipo mwaka 1784 akaweka hataza, yaani haki ya mbunifu, ya viungo vyake, vinavyoiongoza ncha ya rodi karibu kabisa na mstari ulionyooka huku vikivuta na kusukuma. Uzeeni alimwandikia mwanawe kwamba anajivunia kifaa hicho kuliko kitu kingine chochote alichokibuni. Naamini alimaanisha. Nimewahi kuviunda vya mbao, nikakaa navyo jioni nzima nikivichezesha tu.

Mstari wa Watt haukuwa umenyooka kamili. Mwaka 1864 ofisa wa jeshi la Ufaransa, Charles-Nicolas Peaucellier, alitangaza viungo vinavyochora mstari kamili. Mchoro wa kijana wangu ulikuwa huo. Nilipomweleza kwamba ameifikia njia ya Peaucellier uso wake ulichanua, na alikuwa na haki.

Lakini Watt alikuwa analijibu swali ambalo kisima cha mafuta hakijauliza. Kisima kinahitaji rodi ivutwe juu, basi. Kushuka inajua yenyewe. Wachimbaji wa Pennsylvania, Marekani, walilijua hilo mapema. Baada ya Edwin Drake kupata mafuta Titusville mwaka 1859, kwenye kina cha kama mita 21, visima viliongezeka, na boriti za mbao zilizotumika kuchimba mara nyingi ziliachwa pale pale zivute mafuta. Mwaka 1925 Walter Trout wa Lufkin, Texas, akabuni mashine ya chuma yenye vizito vya kusawazisha mzigo, ile tunayoiona hadi leo. Mengi yalibadilika. Tao lilibaki.

Sasa hesabu sehemu za kuzungukia. Viungo vya Peaucellier vinazo sita, na zote zingebeba mzigo wa tani kwenye upepo wa mchanga. Kila pini inataka beringi au bushi, kila bushi inataka grisi, na bushi ikilegea milimita moja ule mstari ulionyooka karatasini unaanza kutoa tumbo. Waya ya hatamu nayo inachakaa, ila inachakaa mbele ya macho yako: nyuzi zinakatika moja moja na kusimama kama nywele. Unaiona wiki kadhaa kabla.

Halafu kuna siku rodi inapokatika chini. Itakatika, ni suala la lini. Siku hiyo winchi lazima isimame juu ya kisima na kuzitoa rodi zote. Kichwa cha farasi unakigeuza pembeni au unakiondoa, na mdomo wa kisima uko wazi. Viungo saba juu ya kisima lazima uvifungue, na ukivirudisha uvipime upya. Asiyewahi kufanya kazi hiyo kwenye jua la saa nane haoni uzito wa hoja hii, lakini kwangu inatosha peke yake.

Nilifanya kazi jangwani, kusini mwa Oman, miaka sita. Msimamizi wetu alikuwa Mwomani aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na sote tulimwita Ami. Siku ya kwanza alinikuta nimeduwaa nikiitazama boriti. "Kijana," akasema, "hiyo iache, itajitazama yenyewe. Wewe itazame rodi." Alinifundisha kuisimamisha mashine mara tatu: kichwa kikiwa juu, kikiwa katikati, kikiwa chini. Kila mara unashusha timazi na kutazama kama rodi iko katikati ya mdomo wa kisima. Ikiwa sawa mara zote tatu, ondoka. Ikiwa imeegemea upande, usikimbilie kukilaumu kichwa. Mara nyingi tulikuta ubaya uko chini: mchanga umehama chini ya msingi, bolti imelegea, mashine nzima imesogea. Rodi ilikuwa inatuonyesha tu. Pakingi zimelika upande mmoja, doa la mafuta liko upande mmoja, na ukiigusa rodi baada ya kuizima mashine unahisi joto lisilo lake.

Kuna mahali kichwa cha farasi kinashindwa, na nililiona huko huko. Mafuta yakiwa mazito, rodi zinashuka polepole kuliko kichwa. Hatamu zinalegea, kile kipande cha chuma kinaachana na klampu ya rodi, kisha kichwa kinapoanza kupanda kinaikuta rodi bado inashuka, vinagongana. Usiku sauti yake inafika mbali. Kamba haisukumi, na hapa ndipo unapolipia.

Kijana wangu angesema: basi viungo vyangu vina nafasi, maana vitaisukuma. Nimelifikiria sana hili, na jibu langu bado ni hapana. Rodi ya mita elfu, nene kama kidole gumba, haisukumiki. Ukiikandamiza kutoka juu inapinda ndani ya bomba na kuanza kulisugua kule ambako hakuna jicho linalofika. Mgongano wa hatamu una kelele, lakini ni kelele ya kukuambia kwamba rodi haishuki vizuri. Unapunguza mwendo, unaongeza rodi nzito upande wa chini, unatafuta namna ya kuyalainisha mafuta. Viungo vingeizima kelele, ugonjwa ukaendelea.

Huku kwetu mafuta hatuvuti kwa mashine hizi, lakini kichwa cha farasi kipo, na mamilioni ya watu wamekishika bila kukiona. Fungua kifuniko cha pampu ya mkono ya India Mark II, ile ambayo Uganda iliifanya ya kawaida kwa jina la U2. Mwisho wa mkono, ndani ya boksi, utakuta kipande cha tao chenye mnyororo, na rodi inaning'inia kwenye mnyororo huo. Ni Newcomen mtupu. Na ugonjwa wake ni ule ule: kwenye kisima kifupi rodi ni chache, uzito hautoshi kuishusha pistoni, mnyororo unalegea, mkono unagonga.

Afridev, pampu nyingine ya mkono, iliyokulia kwenye majaribio ya Kwale, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1980, ilichagua njia nyingine. Haina mnyororo. Rodi imeshikwa kwa pini yenye bushi za plastiki, inayumba kidogo ikipanda na kushuka, na mkono unaweza kuivuta na kuisukuma. Bushi zikiisha, watu wa kijiji wanabadilisha wenyewe kwa spana moja. Hiyo naikubali kwa moyo mweupe, kwa sababu waliobuni walijua mzigo ni mdogo na fundi yuko mbali. Kwa hiyo ugomvi wangu hauko kwenye pini. Nataka mtu aulize kwanza kama kuna kusukuma, na nani atakuwepo siku bushi ikiisha.

Kinachoniuma ni kitu kidogo kuliko vyote hivi. Nimefungua pampu nyingi vijijini zilizoitwa mbovu. Moja siisahau: ilikuwa na miaka miwili tu, bomba limetobolewa na rodi upande mmoja, na akina mama wamesharudi mtoni na ndoo zao. Pampu haikuwa na kosa. Mkandarasi alimwaga zege kwa haraka na kitako cha pampu kikakauka kimeinama. Kuweka pimamaji juu ya kitako kabla zege halijashika ni kazi ya dakika tano. Kamati ya maji ilikuwa imepewa makabrasha yenye bei ya pampu, bei ya mabomba, bei ya saruji, hadi nauli. Hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema nani atapima, na kwamba bila kipimo hakuna malipo.

Mstari huo ningeutaka kwenye kila mkataba wa kisima, uwe wa maji au wa mafuta: rodi itazamwe ikiwa juu, katikati na chini, mbele ya mwenye kisima, kabla fundi hajalipwa. Na vyuoni, kabla ya kumfikisha mwanafunzi kwa Peaucellier, apewe uzi na kipande cha chuma, apelekwe kwenye pampu iliyoinama.

Kijana nimemwambia mchoro auhifadhi, maana iko siku atakutana na mashine inayotaka kusukuma. Jumamosi tunakwenda kuifungua pampu moja ya shule inayolalamikiwa kwamba mkono wake ni mzito. Nimempa timazi ya baba aibebe. Nikimaliza kulegeza kifuniko, yeye ndiye atakayeishusha, na nitanyamaza mpaka aniambie mwenyewe rodi imeegemea wapi.