Nilivyopona Macho kwa Siku 21

Mimi navaa miwani ya hasi 3. Kwa asiyejua, chochote kilicho mbali kuliko sentimita 33 hivi kutoka machoni kwangu ni ukungu. Mtu akinipungia mkono ng'ambo ya barabara, naitikia kwa imani tu.

Basi nikakutana na tangazo: "Tupa miwani! Macho mapya ndani ya siku 21." Nikalipa. Kikaja kifurushi chenye kijitabu, bango la herufi la kubandika ukutani, na miwani nyeusi ya plastiki isiyo na lenzi, imetobolewa vitundu vitupu kama chujio la chai.

Ile miwani ya vitundu, kusema kweli, ndiyo iliyonimaliza. Kuivaa tu nikauona hata mshale wa sekunde kwenye saa ya ukutani. Nikapiga kelele! Baadaye sana nilielezwa kwamba hapo hakuna muujiza: kitundu hupunguza ile miale inayotia ukungu, na hata kadi uliyoitoboa kwa sindano ingefanya kazi hiyo hiyo. Ukiivua, uko pale pale. Lakini siku hiyo nani angenisogelea aniambie? Miwani yangu halisi nikaifungia kabatini.

Yakaanza mazoezi. La kwanza, kufunika macho kwa viganja na kuwaza weusi, mambo yaliyohubiriwa na daktari mmoja wa Marekani, William Bates, tangu mwaka 1920. Nikalifanya kazini, viwiko mezani. Bosi akanishika bega taratibu. "Pole sana. Amefariki nani?"

"Hakuna, bosi. Ni macho tu."

La pili lilikuwa kupepesa macho upesi mara 100. Kwa kuwa ndani ya basi sina shughuli, nikaona ndipo pa kulifanyia. Mbele yangu lilikaa doa la kijani. Nikapepesa weee, nikapumzisha jicho moja, nikaendelea na lingine. Tulipopita kituo cha tatu lile doa likainama, likasema kwa sauti ya mama mkwe wangu:

"Baba, una nini leo?"

Niliteremka kituo kilichofuata. Hakikuwa changu.

Kilichonipa moyo ni bango. Ni la aina ile aliyoibuni Herman Snellen wa Uholanzi mwaka 1862, unalisoma ukiwa umesimama mita 6. Siku ya kwanza niliambulia E ile kubwa ya juu, basi. Nikawa nalisogelea kuhakikisha, narudi nyuma, nasoma tena. Wiki ya pili nikafika mstari wa tano. Wiki ya tatu, wa nane! Mke wangu alikuwa ananitazama tu, hasemi kitu.

Siku ya 21 nikaita watu. Watoto, mke, na mama mkwe, ambaye alikaa karibu na mlango. Nikasimama kwenye alama yangu, nikakohoa kidogo, nikaanza: "E. F, P. T, O, Z. L, P, E, D..." Nikashuka mpaka chini bila kukwama hata mara moja, nikageuka kupokea makofi.

Kimya.

Mtoto mdogo ndiye aliyeshindwa kujizuia. "Baba, lile bango mama alilibandua asubuhi. Hiyo ni kalenda."

Mama mkwe akainuka bila neno, akaenda kabatini.